Masafa Mafupi Yafikayo Mbali: Istilahi za Kufunga Redio Nyingi katika Gari Moja

Katika mijadala ya istilahi tumezoea kulalamikia upungufu wa maneno. Kifaa kipya kinapoingia nchini, swali la kwanza linaloulizwa katika ofisi za tafsiri ni: kitaitwaje? Katika kurasa hizi tungependa kuangalia eneo moja la kazi ambalo taabu yake si upungufu wa maneno, bali ni maneno tuliyonayo kubebeshwa mizigo mingi kupita kiasi. Eneo hilo ni uchaguzi wa gari na ufungaji wa redio kadhaa za mawasiliano ndani yake. Ni kazi inayofanywa kwa ajili ya magari ya wagonjwa, ya polisi, ya zimamoto, ya misafara ya misaada na ya doria za hifadhi. Maelekezo yake aghalabu hufika kwa lugha ya kigeni na kumwangukia mfasiri ambaye pengine hajapata kufungua boneti hata siku moja.

Tuchukue gari la doria la hifadhi liwe mfano wetu. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti peke yake ina eneo la kilomita za mraba 14,763. Gari linalozunguka katika nchi pana namna hiyo huhitaji redio ya kuzungumza na magari mengine na kituo kilicho karibu. Redio ya pili ya kuyafikia makao yaliyo mbali sana. Na pengine ya tatu ya kuzungumza na rubani wa ndege ndogo inayosaidia doria. Redio tatu, antena tatu, betri moja, na dereva mmoja mwenye mikono miwili. Kosa la neno katika maelekezo ya gari hilo halionekani siku gari linapokabidhiwa mbele ya wakubwa. Huonekana usiku, askari ameumia, gari limekwama korongoni, na anayeita haitikiwi.

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Mtu akisema "gari lina redio", msikilizaji hufikiri habari na muziki. Kwa sababu hiyo watu waliunda majina ya kutofautisha. Jina lililoenea sana mitaani ni *redio ya upepo*, nalo limepata wapinzani wasomi wanaosema kwamba mawimbi ya redio hayahitaji upepo wala hewa yasafiri, kwani hupita hata mahali pasipo na kitu. Hoja hiyo ni kweli katika fizikia na ni dhaifu katika lugha. Ndege ya abiria haina manyoya wala haitagi, na kifaru cha jeshi hakili majani; hakuna aliyepotoshwa na majina hayo. Redio ya upepo tuiache kwa wenyewe waliyoizoea.

Jina tunalolipinga ni *redio ya njia mbili*. Hili halikutoka mitaani. Limetoka katika kamusi, kwa kufasiri neno baada ya neno. Msomaji wetu akisikia njia mbili huwaza barabara ambayo magari hupishana kwa wakati mmoja, hivyo hutarajia kwamba kwa redio hii watu wawili wanaweza kusema na kusikilizana papo hapo kama kwenye simu. Sivyo. Redio nyingi za magari hufanya kazi kwa zamu: anayebonyeza kitufe husema, na wakati huo hasikii kitu. Kwa maandishi rasmi tunaona *redio ya mawasiliano* inafaa zaidi, maana haiahidi jambo ambalo chombo hakiwezi kulitimiza.

Sasa tufike kwenye neno lililotusukuma kuandika makala haya, yaani *masafa*. Katika Kiswahili cha siku zote masafa ni umbali baina ya mahali na mahali. Msafiri huenda masafa marefu, na mkimbiaji hushindana mbio za masafa mafupi. Redio ilipokuja, neno hili lilipewa kazi ya pili. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa idhaa za mbali walitangaziwa kwamba matangazo yanasikika katika *masafa mafupi*, kisha wakatajiwa mita bendi. Hapo kilichokuwa kifupi si umbali ambao sauti inafika, bali ni urefu wa wimbi lenyewe, kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Baadaye likapewa kazi ya tatu, nayo ni kuhesabu mara ngapi wimbi linajirudia katika sekunde moja, hesabu inayopimwa kwa hezi. Hii ndiyo maana inayotumiwa katika kazi za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2003, inapozungumzia ugawaji wa masafa na leseni zake.

Maana hizi tatu si ndugu wanaoelewana. Kila hesabu ya marudio inapopanda, urefu wa wimbi hupungua. Redio itumikayo kwa mawasiliano ya mbali sana hufanya kazi baina ya megahezi 3 na 30. Mfasiri wa kwanza, anayeangalia urefu wa wimbi, ataiita redio ya *masafa mafupi*. Mfasiri wa pili, anayeangalia hesabu ya marudio kama ilivyopewa jina na wataalamu wa kigeni, ataiita redio ya *masafa ya juu*. Mtumiaji wa tatu, anayeangalia mahali inapofika, ataiita redio ya *masafa marefu*. Redio ni moja, na wote watatu wana haki. Lakini ofisa ugavi aliyeletewa hati hizo tatu ana haki pia ya kuagiza vyombo vitatu tofauti.

Tena kuna ubaya zaidi. Redio hii ya mawimbi mafupi ndiyo hasa inayofika mbali kuliko zote, kwa kuwa mawimbi yake hupanda angani, yakarudishwa na tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, yakashuka ng'ambo ya milima, mamia au hata maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Redio ya megahezi 150 hivi, ambayo ndiyo kawaida ya magari ya mjini na ya kambini, mawimbi yake hayarudishwi hivyo. Husafiri takribani kama macho yanavyoona, na kilima hukata mazungumzo isipokuwa kuna ripita, yaani mtambo uliowekwa mahali pa juu ambao hupokea na kurusha tena. Mwananchi wa kawaida akisoma "redio ya masafa mafupi" ataelewa kuwa ni ya karibu, akaiacha kituoni na kuchukua ile nyingine kwa safari ya mbali. Atakuwa amesoma Kiswahili vizuri kabisa, na Kiswahili hicho kitakuwa kimemponza.

Pendekezo letu ni kwamba katika maandishi ya ufundi *masafa* yabaki na maana moja tu, ya hesabu ya marudio, kwa sababu ndiyo maana iliyokwisha kuingia katika leseni na kazi za serikali, na leseni haibadilishwi kwa makala. Urefu wa wimbi uitwe hivyo hivyo, *urefu wa wimbi*, na redio husika iitwe ya *mawimbi mafupi*. Umbali uitwe *umbali*. Tunajua wapo watakaosikitika kuona neno la kale likinyang'anywa maana yake ya kwanza. Halinyang'anywi, washairi na wasafiri wataendelea nalo. Tunachoomba ni kwamba lisitumiwe kwa maana mbili katika ukurasa mmoja wa maelekezo.

Tukishaelewana kuhusu masafa, uchaguzi wa gari huwa rahisi kuelezeka, maana urefu wa wimbi ndio unaoamua antena, na antena ndiyo inayoamua gari. Wimbi la megahezi 150 lina urefu wa mita 2, na antena ya robo ya wimbi ni sentimita 50 tu. Hukaa vizuri katikati ya paa. Wimbi la megahezi 7 lina urefu wa karibu mita 43, na robo yake inapita mita 10. Hakuna gari litakalobeba mlingoti huo. Ndiyo sababu antena ya redio ya mawimbi mafupi huwa fimbo ndefu iliyofupishwa kwa koili, na hufungwa kwenye bampa kwa kifungio imara, kwa kuwa ni nzito na hupigwa na matawi.

Hapa linaingia neno la pili lenye matata, nalo ni *ardhi*. Wafasiri wengi, wakikutana na neno la kigeni lenye maana ya udongo, huandika: "Unganisha waya mweusi na ardhi." Kwa mtambo uliojengwa juu ya sakafu, wenye fito la shaba lililozikwa chini, sentensi hiyo ni sawa. Gari limekaa juu ya matairi ya mpira. Halina ardhi. Waya mweusi huunganishwa na bodi ya gari, chuma ambacho mkondo wa umeme hupitia kurudi kwenye betri. Fundi wa gereji hana taabu na jambo hili, kwa kuwa yeye husema *ethi*, na kwake ethi ni bodi. Tunaona neno la fundi ni bora kuliko neno la mfasiri. Halina sura ya Kibantu, kweli. Lakini hata *betri* na *waya* hazina, na *gari* lenyewe limetoka Bara Hindi. Mbona hatulitoi?

Lakini neno la kigeni lina maana nyingine zaidi katika kazi hii, na hapo hata ethi haitoshi. Antena ya paa huhitaji bamba la chuma chini yake ili irushe mawimbi sawasawa pande zote. Bamba hilo si njia ya kurudishia mkondo wa betri. Ni nusu ya pili ya antena yenyewe. Tukiliita ardhi tutakuwa tumelificha. Tukiliita ethi, fundi atavuta waya kutoka kwenye antena hadi kwenye chesisi, akidhani amemaliza kazi. Walimu wa hisabati wana neno *bapa* kwa umbo lililolala, nasi tunapendekeza *bapa la antena*. Faida ya kulipa jina inaonekana mara moja katika kuchagua gari. Baadhi ya magari ya wagonjwa yana paa la faibaglasi, ambalo halina bapa la antena, hivyo ni lazima bamba la chuma liwekwe ndani ya dari. Magari mengine paa lote limefunikwa na keria, na antena husukumwa pembeni, zikawa zinasikika upande mmoja kuliko mwingine. Mtu asiye na neno la kitu hicho hawezi kukiandika katika masharti ya zabuni.

Na masharti ya zabuni yana ugonjwa wake. Neno *uwezo* na neno *nguvu* hutumiwa humo kama chumvi. Sentensi kama "gari liwe na uwezo wa kufungwa redio tatu" inasomeka vizuri na haisemi lolote. Uwezo wa injini? Wa kubeba mzigo? Wa alteneta? Redio ya mawimbi mafupi ya wati 100 hula ampea 20 hivi wakati wa kurusha. Ikiwa waya umekuwa mwembamba na una ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, ampea hizo 20 zitapoteza volti 2 njiani, na redio inayotaka volti 12 au zaidi itapata 10. Itawaka taa, itapokea sauti, lakini dereva akibonyeza aseme itazimika au kukoroma. Mtu aliyeandikiwa kwamba "nguvu za umeme zitoshe" hatajua aangalie nini: volti, ampea, au wati? Shuleni walimu wamekwisha kutenganisha kani na nishati. Si vema ofisi zirudi nyuma zikakusanya yote chini ya nguvu. Panapohusika kipimo, kitajwe kwa jina lake. Malori na mabasi mengi yana umeme wa volti 24, na redio nyingi za magari zimetengenezwa kwa mfumo wa volti 12. Anayeandika "redio inayolingana na nguvu ya gari" badala ya kutaja volti anaichoma redio kwa kalamu.

*Mkondo* nao una kesi. Katika umeme ni kile kinachopimwa kwa ampea. Lakini tunaona pia mkondo ukitumiwa kwa ile nafasi ya mazungumzo inayochaguliwa kwa kuzungusha kitasa: mkondo wa kwanza, mkondo wa pili. Katika ukurasa huo huo basi "mkondo wa 15" unaweza kuwa nafasi ya mazungumzo au kiasi cha fyuzi. Watumiaji husema *chaneli*, tuwafuate.

Kuhusu fyuzi, tatizo si jina bali ni kiunganishi kidogo cha *ya*. Huandikwa "fyuzi ya redio", na fundi mtiifu huifunga karibu na redio, chini ya dashibodi. Fyuzi hii hasa ni ya waya. Waya mnene hutoka kwenye betri, hupenya ukuta wa injini penye ukingo wa chuma, hupita chini ya zulia. Ukichunika popote humo na kugusa bodi, betri itasukuma mamia ya ampea, na moto utaanzia mahali ambapo fyuzi iliyo karibu na redio haiwezi kuona. Kwa hiyo fyuzi ya kwanza hukaa karibu na betri. Tungeandika: *fyuzi ya waya wa betri*. Maneno mawili yameongezeka, na karatasi haitapungua.

Sura tunayoona imetafsiriwa vibaya kuliko zote ni ile ya redio kuathiriana, na hapa tutakaa kidogo. Neno linalotumika ni *mwingiliano*. Neno ni zuri, lakini limefanywa gunia la magonjwa matatu ambayo dawa zake hazifanani. Ugonjwa wa kwanza ni kelele zinazotoka kwenye gari lenyewe: cheche za plagi katika injini ya petroli, alteneta, na siku hizi vifaa vya kompyuta vilivyofichwa kila pembe. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, na hiyo ni sababu moja ya zamani ya kuipendelea. Dawa yake ni kuunganisha vizuri boneti na mabomba na bodi, na kutafuta chanzo. Ugonjwa wa pili ni redio moja kuifanya jirani yake kiziwi. Redio ya wati 50 inaporusha, antena iliyo nusu mita kutoka hapo humezwa na nguvu hiyo hata kama chaneli zake ni mbali kabisa. Sauti dhaifu ya askari aliye mlimani hupotea. Huu tunapendekeza uitwe *uziwi wa redio*, na dawa yake ni kutenganisha antena, au kichujio, au nidhamu ya kutorusha wakati mwenzio anasikiliza.

Ugonjwa wa tatu una neno lake tayari katika darasa la hisabati, nasi tunashangaa halijatumiwa. Kila redio inaporusha katika masafa fulani, huvujisha kidogo pia katika masafa yaliyo mara mbili, mara tatu, na kuendelea. Anayerusha megahezi 150 huvujisha kidogo kwenye 450, na hapo hapo huenda redio nyingine ya gari inasikiliza. Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba 450 ni *kigawe* cha 150. Basi tuseme *masafa ya kigawe*, na kila mwalimu ataweza kulieleza jambo hilo kwa chaki na ubao. Anayepanga redio za gari moja hukagua kwanza vigawe vya kila chaneli kabla hajatoboa tundu la kwanza la paa.

Redio ya ndege haitupi taabu kubwa ya maneno, ila lisemwe jambo moja. Masafa yake ya sauti huanzia megahezi 118 hadi 137, jirani kabisa na yale ya magari, na wengi hudhani redio ya kawaida itatosha ikisogezwa kidogo. Haitatosha, kwa kuwa sauti hubebeshwa juu ya wimbi kwa namna nyingine: katika ndege ukubwa wa wimbi ndio unaobadilika, katika redio ya gari ni masafa yake. Tena ina leseni yake.

Sasa *kipaza sauti*. Neno hili limepewa kile chombo kinachoshikwa mkononi na kusemewa, kile kinachotoa sauti, na kile kinachoiongezea sauti nguvu katikati ya hivyo viwili. Katika mkutano wa hadhara hakuna hasara, maana vyote vimefungwa na fundi mmoja. Katika gari lenye redio tatu, sentensi "funga kipaza sauti karibu na dereva" imewahi kutekelezwa kwa namna mbili, na zote ni sahihi kwa maandishi. Tuache *maikrofoni* na *spika* zifanye kazi zao. Mheshimiwa Spika wa Bunge hataudhika.

Tumesema dereva ana mikono miwili. Maikrofoni tatu zikining'inia mbele yake, gizani, hatasoma masafa wala chaneli. Tumeona vibao vilivyobandikwa kwa uaminifu mkubwa kwa istilahi, vyenye herufi ndogo na majina ya mifumo, navyo havimsaidii mtu anayetetemeka. Hapa istilahi ikae kando. Kibao cha kwanza kiandikwe KARIBU, cha pili MBALI, cha tatu NDEGE. Na maikrofoni za redio hizo ziwe na maumbo au mahali tofauti ili mkono uzitambue bila jicho.

Limebaki neno moja ambalo hatukulipatia jibu. Kila redio ya namna hii ina kitasa cha kunyamazisha mvumo unaosikika pasipo na anayesema. Kikikazwa mno, hunyamazisha na wito dhaifu pia, na dereva hukaa kimya akidhani hakuna anayemwita. *Kinyamazishi* linaeleza kazi yake, lakini mtu akilisoma atadhani kazi ya kitasa ni kuzima sauti yote. *Kichuja mvumo* linakaribia, ila kitasa hakichuji. Hufunga na kufungua mlango kwa kadiri wimbi linaloingia lilivyo na nguvu. *Kizingiti* ndilo tunalolielekea kwa sasa, kwa kuwa wimbi dogo halikivuki na kubwa hukivuka, na dereva aweza kuambiwa "shusha kizingiti" akaelewa afanye nini. Wasomaji wanaofunga redio hizi, au wanaozitumia, watuandikie wao husemaje.